Nilipowapatanisha Abti na Muuguzi

Dereva wa ofisi yetu alikuwa abti wangu, mjomba aliyemfuata mama kuzaliwa. Muuguzi aliyegombana naye alikuwa rafiki yangu wa karibu kuliko wote kazini. Bosi akaamua mimi ndiye niendeshe kikao cha kuwapatanisha, kwa kuwa nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya upatanishi Nairobi.

Walikuwa wakirudi kutoka Griftu kuchanja watoto. Magharibi ilipoingia, abti alisimamisha gari karibu na manyatta fulani akashuka kuswali. Muuguzi ni mtu wa Machakos, na alishasikia habari za magari kusimamishwa njiani na wanamgambo, wageni wakitenganishwa na wenyeji na kuuawa. Akapiga kelele kwamba abti anataka kumuuza kwa wauaji. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, na safari za chanjo zikakwama.

Asubuhi ya kikao mama alinipigia simu kutoka nyumbani Galbet.

"Abti yako ameshaaibishwa. Usimwaibishe tena."

"Hooyo, hii ni kazi tu."

"Kazi huisha. Abti hubaki."

Nilipofika ofisini, muuguzi alinivuta kando koridoni. "Najua ni damu yako," akasema. "Lakini wewe unanijua."

Tulifunga madirisha kwa sababu ya vumbi, kisha umeme ukapotea na feni ikasimama. Nilikuwa nimeketi katikati yao, wafanyakazi wengine wametuzunguka. Muuguzi alianza, "Huyu mzee alinidharau..."

Nikamkatiza taratibu. "Tuambie wewe ulihisi nini."

"Niliogopa. Yeye ameinama anaswali, mimi nimebaki garini peke yangu. Kila kivuli nilidhani kinanitafuta mimi. Nilimwona mwanangu akilelewa na watu wengine, mimi sipo."

Abti hakumtazama. Alinigeukia mimi, akaniuliza kwa Kisomali, "Sema wewe, nani mwenye makosa?"

Jasho lilinitiririka mgongoni. Nikimtetea, rafiki yangu ataona tumejipanga dhidi yake. Nikimlaumu, nitarudije kwa mama? Natamani hata leo ningekuwa na kisingizio cha kutoka nje. Nikayarudia maneno yake kwa Kiswahili ili wote wasikie, kisha nikasema, "Hilo sitalijibu, abti. Nakuomba utuambie ulisikia nini siku ile."

Alisukuma kiti chake nyuma, nikadhani anaondoka.

"Nilisikia naitwa muuaji," akasema, akimgeukia muuguzi. "Hapo nilisimama ni kwa watu yangu. Mtu akikuja kukuchukua, ataanza na mimi. Sasa nikuuze kwa nani?"

"Hukuniambia," muuguzi akasema, sauti imeshuka.

"Hukuuliza." Akajifuta uso kwa kilemba chake. "Basi. Nitakuwa nakuambia."

Na kweli alifanya hivyo. Safari iliyofuata, kabla ya kuwasha gari, alimweleza muuguzi atasimama wapi na kwa nani. Watoto wakachanjwa.

Mimi ndiye niliyebaki na mzigo. Mama alininunia kwa kuwa sikumtetea ndugu yake. Muuguzi naye aliniambia, "Ungesema tu nilikuwa na haki ya kuogopa." Nilimwomba bosi anitoe kwenye kazi hiyo. Akacheka.

"Pande zote zinakuamini. Nitampata wapi mwingine?"

Jumatatu akanikabidhi ugomvi wa watu wa stoo na uhasibu. Nilipoingia walikuwa wameshaketi, huku na huku, wameniachia kiti cha katikati.