Mteja Aliyeuliza Uzito

Nyie mnaonijua mnajua mie ni mwongo, na sikatai. Ni mie niliyewaambia kidato cha kwanza kwamba shule ina bwawa la kuogelea juu ya paa, wakapanda ngazi na mataulo yao. Lakini uongo wangu una tabia moja: kila ninapoutunga najipa nafasi nzuri. Mie ndo shujaa, mie ndo mtanashati. Sasa kwenye kisa hiki nina suruali ya shule iliyochanika gotini, mikono imejaa rangi ya viatu mpaka viwikoni, na ninakimbia barabarani nimekumbatia sanamu ya watu. Nani akae chini ajitungie aibu kama hiyo? Yalitokea, hapa hapa Mwananyamala, na ushahidi upo nyumbani umefunikwa na gunia. Ukibisha njoo na ndoo yako.

Ndoo utaielewa. Naishi na Mjomba Linus, kaka yake mama, Mmakonde wa Newala, fundi wa kuchonga. Banda lake liko nyuma ya nyumba, linatazama njia ya kwenda hospitali. Mjomba hachongi kitu kingine isipokuwa mpingo, na mpingo, kama hujawahi kuushika, ni mti mweusi ndani, mgumu, na mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Mafundi wengine wanachukuaga mti wowote mwepesi wanaupaka rangi ya viatu, wanausugua ung'ae, na mgeni anaondoka anachekelea. Kwa hiyo Mjomba kaweka ndoo ya maji mlangoni. Kabla hajakukabidhi kazi yako anaitumbukiza mbele ya macho yako. Ikizama, chukua. Hiyo ndo risiti yake, sijawahi kumwona akitoa nyingine.

Wiki hiyo klabu ya sayansi ya shuleni kwetu ilinipa mada ya Ijumaa: vitu ambavyo wanaanga wameviona huko juu wakashindwa kuvieleza. Mwalimu wa fizikia alisema, "Wewe mambo yasiyoeleweka ndiyo fani yako." Darasa likacheka, nami nikainama kama msanii aliyemaliza shoo. Nikaenda nikasoma kweli. Kuna waliochungulia dirishani wakaona vimulimuli vinaogelea nje, kumbe ni chembe za barafu kutoka kwenye chombo chao wenyewe. Kuna waliofumba macho walale wakaona miale inapita ndani ya giza la macho yao. Na kuna waliosema waliona kitu kirefu, chembamba, kina kitu kama mikono, kinaandamana nao. Wakaambiwa labda ni kipande cha roketi. Labda. Hilo neno nililipenda sana, linamwacha mtu ajaze mwenyewe.

Mie siwezi kusimama mbele ya watu mikono mitupu. Nikaokota kipande cha msufi, mti mwepesi kuliko yote ninayoijua, nikakichonga kile kitu kirefu chenye mikono, nikakipaka rangi ya viatu ya Mjomba mwenyewe. Ilikuwa jioni, maghribi imeadhiniwa muda si mrefu, umeme umekatika mtaa mzima. Mjomba alikuwa ameenda kwenye sala ya jumuiya. Mie niko bandani na taa ya chaji, nasugua kitu changu kwa brashi, najisifia.

Akaingia mzee mmoja.

Mrefu, mwembamba, kavaa kofia na koti la kazi lililopauka. Hakuingia kama watu wanavyoingia. Alishika nguzo ya mlango kwa mikono yote miwili, kama mtu anayevuka mto na maji yanataka kumchukua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mpingo upo?"

"Upo mpaka wa kugawa."

"Mzito?"

Hapo nikamtazama vizuri. Wateja wanaulizaga bei, wanaulizaga kama rangi itatoka kwenye nguo. Uzito sikuwahi kusikia mtu akiuliza. Kabla sijajibu, macho yake yakaangukia kile kitu mkononi mwangu. Akaniuliza ni nini, nikamweleza habari ya wanaanga, kwa mbwembwe zote, nikifanya mazoezi ya Ijumaa. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mikono umekosea. Sikuinua yote juu hivi. Nilikuwa napunga."

Nikacheka, niamini, nilicheka mpaka brashi ikaanguka. "Kwa hiyo hicho kitu ni wewe mzee?"

"Ni mimi."

"Na wao walikupungia?"

"Hapana. Mmoja alimwita mwenzake dirishani, wakanitazama, wakageuka. Nadhani waliogopa kwao watachekwa."

Nikasema moyoni, leo nimekutana na bingwa wa uongo, chai ya huyu imekolea tangawizi. Nikamvutia kigoda. Hakukaa, aliendelea kushika nguzo na kunisimulia pole pole, bila kutafuta kunifurahisha, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi minara ya simu. Siku moja alifika kileleni, ngazi zikaisha, akainua mguu kwa mazoea tu, na mguu ukaikuta ngazi nyingine. Akaikanyaga. Ikaja nyingine. Alipokumbuka kutazama chini, mnara ulikuwa kama sindano.

"Tangu siku hiyo ardhi hainishiki," alisema. "Jioni nashuka, kama umande unavyoshuka. Kisha napanda tena. Nimejaribu mawe, nimejaribu vyuma, vyote vinapanda na mimi. Mpingo tu ndio unaokataa."

"Na leo unataka ukatae kwa nini?"

"Binti yangu kajifungua. Anatoka hospitali jioni hii, mumewe yuko safarini, mtoto hajaadhiniwa. Mimi ndiye babu yake."

Kwa asiyejua, kwa Waislamu mtoto akizaliwa anaadhiniwa sikioni, na mwenye kuadhini anamshika. Mie ni Mkristo, mtu wa jumuiya, ila nimekulia Mwananyamala, hayo nayajua. Akaendelea, "Nikimshika nikiwa hivi nilivyo, nitaondoka naye. Ndio maana nakuuliza uzito, mwanangu. Mkono wangu haujui tena kipi kizito kipi chepesi. Nauamini ulimi wako."

Wewe ungefanya nini? Mie nilifanya nilichozoea. Nikamkabidhi kile kimsufi changu chenye rangi ya viatu, uso mkavu kabisa. "Shika, mzee. Mpingo wa moyo huo, umekaushwa kivulini. Nakupa zawadi ya mjukuu."

Akatupa jicho kwenye ndoo. "Hutautumbukiza?"

"Ndoo ni ya wateja wasiotuamini."

Akakichomeka ndani ya koti kwa heshima, akaniombea dua ndefu, akatoka akishika ukuta, halafu uzio, halafu mti. Mie nikabaki najipongeza. Ijumaa nilikuwa na kichekesho kizima kimekuja chenyewe na miguu yake.

Miguu. Nilichukua fagio nifagie pale mlangoni. Unga wa msasa ulikuwa umetanda sakafuni, mwembamba, kila aliyepita ameacha chapa yake. Zangu zilikuwepo. Za Mjomba zilikuwepo. Pale aliposimama yule mzee muda wote ule, unga ulikuwa laini kama juu ya kitumbua. Nikapeleka taa karibu. Nikapuliza. Hakuna hata kidole.

Sikuwaza mizimu wala majini. Niliwaza mtoto.

Juu ya rafu kulikuwa na kazi ambayo Mjomba aliianza tangu mvua zilizopita, sanamu ya mama kambeba mtoto mgongoni, mpingo mtupu, oda ya mama mmoja wa ofisini kule Kinondoni. Nilikatazwa hata kuifuta vumbi. Niliikumbatia nikakimbia. Ilikuwa nzito kama mtoto wa darasa la pili aliyekataa shule, ikanigonga kidevuni kila hatua, na karibu na genge la mkaa nikaanguka, suruali ikachanika. Watu wakanimulika na simu. "We kijana umeiba wapi hicho?" Nikainuka nikazidi kukimbia.

Nje ya geti la hospitali, pembeni palipokuwa na giza, dada mmoja alikuwa ameinama anafunga mfuko wake wa nguo. Hatua moja nyuma yake yule mzee alisimama na kichanga kwenye kanga, mdomo sikioni, anaadhini kwa sauti ya chini. Nikawasha tochi ya simu. Ndala zake zilikuwa zinaning'inia. Chini yake palikuwa peupe, kiganja kingeweza kupita, halafu viganja viwili, na ncha ya kanga iliyokuwa imelazwa juu ya mfuko ikaanza kuteleza kwenda juu, polepole, bila upepo.

Aliniona. Hakusimamisha adhana. Angemwachia, mtoto angeanguka. Asipomwachia, angekwenda naye. Sijawahi kuona mtu mzima akiniangalia vile, na nimeangaliwa na walimu wakuu.

Nikaruka nikashika koti. Sasa hapa nawaomba mniamini kuliko pengine popote: miguu yangu ilitoka ardhini. Nilining'inia kama nguo kwenye kamba. Kwa mkono uliobaki nikaisukuma sanamu ya Mjomba ndani ya lile koti, kifuani, kati yake na mtoto, na tukashuka. Taratibu tu. Ndala zake zikagusa mchanga, na mchanga ukafanya mlio. Nikausikia.

Yule dada akageuka. "We kaka, mbona unamng'ang'ania mzee wa watu?"

"Nimejikwaa, dada."

"Mwache amalize, alikuwa anapita tu, kajitolea kumwadhinia mtoto."

Nikamwacha. Akamaliza sikio la kulia, akamgeuza, akakimu la kushoto. Kisha hakumrudisha mara moja. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelalia ile sanamu, na yule mzee akamnong'oneza jambo refu ambalo halikuwa adhana. Nilisikia kipande kimoja tu: "wewe hapana, wewe utakaa."

Alipomrudisha, mikono ya dada ikashuka ghafla. "Mh, mbona kazito hivi?"

"Ameshiba," mzee akasema.

Dada akacheka kidogo, halafu akainua shingo amtazame usoni. Giza lilikuwa zito na kofia ilikuwa imefika kwenye nyusi. "Sauti yako mzee wangu. Kama ya marehemu baba. Alipanda mnara hatukumwona tena, tumemsomea hitima bila hata kiatu chake."

"Mungu amrehemu," akasema yule mzee, na sauti haikutikisika. Bajaji ikaja. Akawasindikiza kwa macho mpaka taa nyekundu ikakata kona.

Kisha akashika mti uliokuwa pale getini, akatoa sanamu akanipa. "Hii ina mwenyewe." Nikamwambia akae nayo, Mjomba nitapambana naye. Akatikisa kichwa. Akatoa na kile kimsufi changu, akakitazama, akakirudisha mfukoni. "Hiki nakwenda nacho. Wakiniona tena wajue nami nina mtu aliyenichonga." Hakunigombeza. Afadhali angenizaba kofi.

Akaachia mti. Alipanda bila haraka, akipunga, mkono mmoja tu. Nilimpungia mpaka bega likauma.

Ijumaa nilisimama nikasimulia yote haya. Darasa lilicheka mahali ambapo sikutaka wacheke. Mwalimu akasema habari nzuri, ushahidi sifuri.

Ushahidi ulikuja siku yule mama wa Kinondoni alipofuata kazi yake. Mjomba akaitumbukiza sanamu kwenye ndoo, kama kawaida. Ikaelea. Akaisukuma chini kwa kidole, ikarudi juu kama kandambili. Mama yule alimtazama Mjomba vile tunavyowatazama wauza rangi ya viatu. Mjomba akakwangua kitako kwa patasi, akakwangua tena, akapiga tundu mpaka katikati. Mweusi mpaka moyoni. Mpingo mtupu, na unaelea. Akakataa kuiuza, akaanza nyingine mbele ya yule mama, na kila Jumamosi mpaka leo mie ndiye ninayeipiga msasa hiyo mpya. Nilimweleza ukweli wote. Akaniuliza jambo moja tu: "Na ndoo ilikuwepo?" Nikasema ilikuwepo. Hajaniuliza tena.

Uzito wa ule mti ulikwenda wapi? Yule dada anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Kila akirudi kliniki analalamika kwamba wauguzi wanampima mwanawe, wanaichunguza mizani, wanampima tena. Mtoto mdogo, mashavu ya kawaida, lakini shangazi zake hawawezi kumbeba hadi dukani bila kupumzika. Anapokaa chini amekaa. Mie nambebaga makusudi, nikimshusha mgongo unauma, na moyo wangu unatulia.

Basi wewe unayeuza chochote, mtu akija akakuuliza uzito, usicheke anavyoshika nguzo. Tumbukiza kwenye ndoo, na kikielea mwambie kinaelea. Na wewe unayepanda juu kwa kazi au kwa utundu, minara, maghorofa, minazi ya watu, siku ngazi zikiisha na mguu wako ukaikuta nyingine, usiikanyage. Shuka. Huku chini ukimpungia mtu, anapunga.