Taya katika Mawe ya Chokaa

Kwetu, kaskazini ya Mocímboa, kaburi la mzazi halikuachwa bila chokaa. Kwa hiyo serikali ya Wareno ilipotuamuru kuhamia aldeamento, kijiji kilichozungushiwa seng'enge kando ya barabara kuu, baba yangu hakuwaza nyumba wala mihogo iliyokuwa shambani. Aliwaza kaburi la mama yake. Tulikuwa na siku nne.

Chokaa kwa kawaida tuliichoma kwa matumbawe ya mwambani, lakini kwa ajili ya vita vya uhuru askari walikuwa wamekataza watu kwenda pwani. Yakabaki mawe ya pangoni, nyuma ya mashamba. Sakafu ya pango lile ilikuwa udongo wa kale uliogeuka jiwe. Tuliivunja kwa mitaimbo, tukapanga magogo duara na mawe juu yake.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyeziona taya. Zilijaa ndani ya jiwe moja, ndogo kama mbegu za tikiti, ila moja ilikuwa kubwa kuliko zote. Alikuwa akizoa mavi ya popo pangoni kila mwaka kwa ajili ya bustani yake, na popo wa humo aliwajua kwa aina. Akasema jiwe lile tusilichome, maana popo mwenye taya kubwa namna ile hajapata kumwona.

Baba hakutaka kupunguza hata jiwe moja. Akanigeukia mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na ni mimi peke yangu nyumbani niliyemaliza kwarta, darasa la nne la Kireno. Nikalitazama jiwe kwa muda wa kumeza mate, nikasema ni panya.

"Panya hana chonge," shangazi akasema. "Au huko kwarta panya wana chonge?"

Watu wakacheka. Nikaona haya, na kwa sababu ya haya nikalichukua jiwe mwenyewe, nikaliweka juu ya magogo pamoja na mengine.

Nilijifunza baadaye sana, nikiwa nimekwisha kuwa mwalimu, kile ambacho shangazi alikiona kwa macho tu. Ukiokota taya ndogo, usikate tamaa, itazame polepole. Panya ana meno mawili ya mbele kama patasi, kisha pengo, kisha magego. Popo mla wadudu ana chonge, na magego yake ya juu yana migongo mikali kama herufi W. Popo akifa pangoni huangukia sakafuni, maji yenye chokaa humdondokea, na udongo hugeuka jiwe pamoja naye. Ndiyo maana sakafu ya pango hutunza habari za walioishi humo kabla yetu: aina ngapi, wakubwa kwa wadogo, na nani ametoweka. Jino moja linatosha kumtambua mnyama mzima, ili mradi lipo.

Chokaa ile ilitoka ya kijivu kwa ajili ya udongo. Baba aliipaka hivyohivyo, akasoma dua, tukahama.

Baada ya uhuru nilirudi pangoni nikiwa na nyundo na kioo cha kukuzia. Tulikuwa tumeivunja sakafu mpaka kwenye mwamba mtupu. Juu walining'inia popo wa aina moja tu.

Nilikwenda kwa shangazi kumwomba radhi. Alikuwa amezeeka, anachambua mchele barazani. Nilimweleza habari za chonge na magego, nikamwambia kwamba alisema kweli nami nilisema uongo.

"Hukusema uongo, baba," akanijibu. "Ulikuwa na haraka."

Akapepeta kidogo, kisha akauliza kwa hamu, kama mtu aliyelisubiri jibu miaka yote hiyo:

"Sasa umesoma. Yule mkubwa alikuwa popo gani?"

Nikamwambia sijui, na kwamba hakuna tena wa kujua. Akasogeza ungo ili nimsaidie kuchambua.