Upepo Unaosubiri Mhuri

Ofisi ya serikali iliyonipa kazi ya kutengeneza upya tovuti yake ilikuwa na jambo moja tu la maana la kufanya: kuwaambia watu wa ziwani kwamba upepo mbaya unakuja. Basi. Lakini ukiifungua ile tovuti ya zamani, ulipokewa na mkurugenzi akitabasamu, kisha mkurugenzi akipanda mti, kisha mkurugenzi akiutazama mti alioupanda. Upepo ulikuwa huko chini kabisa, karibu na zabuni za kuosha magari.

Nilikuwa na sababu yangu ya kutaka upepo upande juu. Kaka yangu anavua omena, wale dagaa wa ziwani, huko Muhuru Bay. Huingia majini jioni, na simu humwachia mkewe. Nilimwahidi yule shemeji yangu: "Nikimaliza hii kazi, utakuwa unaangalia tu kabla hajatoka. Upepo ukiwepo utauona."

Basi nikachora upya. Juu kabisa nikaweka kisanduku cha ilani, maneno machache makubwa, kwa Kiswahili na Dholuo. Mkurugenzi alitazama weee, akavua miwani.

"Kijana, ni nzuri. Sasa mhuri uko wapi?"

Nilidhani anatania. Wapi! Katika ofisi ile ya Homa Bay, neno lisilo na mhuri bado halijasemwa. Mtaalamu wa hali ya hewa akiuona upepo kwenye mitambo yake, huandika barua, mkurugenzi huitia sahihi na kuigonga mhuri, karatasi hupigwa skani, na picha yake, imelala ubavu, ndiyo huwekwa mtandaoni. Upepo wenyewe, maskini, unatakiwa upange foleni.

Nikapendekeza picha ya mhuri ikae kwenye mtambo, ijitokeze yenyewe kwa kila ilani. Lo! Ungedhani nimemwomba mke.

"Mhuri wa serikali ukae mtandaoni, wezi wauchukue?"

Nikamkumbusha kwamba tayari umejaa mtandaoni, kwenye kila karatasi waliyowahi kuweka. "Huo," akanijibu kwa upole, "nimeugonga mimi mwenyewe." Ningebishana vipi na hekima ya namna hiyo?

Siku moja kabla ya uzinduzi akaona kisanduku changu kiko kitupu. Aibu gani hii mbele ya wageni? Akaniagiza kiandikwe kitu cha kupendeza kila kisipokuwa na ilani. Nikaandika alivyotaka: "Ziwa ni shwari." Tukazindua kwa hema, soda na maombi marefu kweli kweli. Watu wakapiga makofi.

Ijumaa moja mtaalamu akauona upepo mapema asubuhi. Akaandika, akachapisha, akapeleka. Mkurugenzi alikuwa ameenda matanga, kama watu wote wa heshima wa kwetu wanavyofanya Ijumaa, na ufunguo wa droo ya mhuri ulikuwa matangani pia, mfukoni mwake. Mtaalamu akampigia simu. Akaambiwa asimsumbue mtu msibani, Jumatatu si mbali.

Na kweli, Jumatatu ilani ikatoka. Safi kabisa, wino umeiva, ikiwaonya wavuvi wote wajihadhari na upepo wa Ijumaa. Hongera zao.

Mimi siku hiyo nilikuwa Muhuru Bay. Wavuvi wa Tanzania walimkuta kaka yangu Jumamosi ameng'ang'ania boti iliyopinduka, midomo imepasuka, hawezi kutamka neno. Jirani yake aliyetoka naye hakuonekana. Yawa, nililia mbele ya watu, wala sikujali.

Shemeji alinitengea chai ambayo hakuna aliyeinywa. Upande wa pili wa ua wanawake walikuwa wameshaanza kujaa kwa yule jirani, na kilio kilikuwa kikija kwa mafungu. Nikamuuliza kama Ijumaa ile alifungua tovuti kwenye simu.

"Nilifungua, shemeji. Si uliniambia nifungue?" Alikuwa hanitazami. "Mke wa jirani hana simu ya intaneti. Alikuja hapa kuniuliza kama bwana yake aende au abaki. Nikamsomea ulivyoandika."

Akajifunga leso kiunoni.

"Twende basi ukamwambie pole. Mimi nimeshindwa kuingia."