Ndege Iliyogoma Mbele ya Kanisa

Tangu Jumapili sikai nikatulia, basi niwaambie tu. Mimi ni fundi wa mitambo wa kanisa letu hapa Nakivale. Nimeunda ndege ndogo ya maboksi, ya kurushwa kwa telekomande ya mkononi. Betri yake nilienda kuichagua Mbarara mara mbili. Ya kwanza ilikuwa nzito, nikairudisha. Nyaya nilizikagua mara tano, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.

Baada ya ibada, kanisa zima likatoka kiwanjani. Pasta akaiombea ndege kwenye mikro, kipaza sauti chake cha betri ndogo. Nikasukuma kijiti cha telekomande. Kimya. Nikachomoa nyaya, nikachomeka tena. Kimya.

“Yule muuzaji amenipa betri mbovu!” nikafoka, jasho likinitiririka. “Mwizi mkubwa!”

“Umurudishie yake kesho!” mama mmoja wa kwaya akaniunga mkono. Nikazidi kumtukana yule mtu.

Ndipo sauti ya pasta ikavuma kwenye spika, kiwanja kizima kikasikia:

“Fundi, tulia kwanza. Asubuyi mikro ilizimika, ukanitilia mapile zingine. Si ulizitoa mu ile telekomande?”