Mama Hodi na Mlango wa Fundi Viatu

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani aliitwa Mama Hodi, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kubisha hodi kwenye nyumba za watoto wanaosomeshwa na wafadhili, akae na wenyeji, ajue mtoto anakula nini, analala wapi, na nani anamgombeza. Mumewe alimtania kwamba ameoa mke wa mtaa mzima, yeye amebakiziwa Jumapili tu.

Alivizoea vyumba vya watu. Alijua kukaa ukingoni mwa kitanda bila kuvuruga shuka, na kupokea maji hata kama hana kiu. Alijua pia kwamba wakimwona kwa mbali hufagia mbiombio. Basi husimama kidogo kwenye kona ya uchochoro, akijifanya anatafuta kitu mkobani, mpaka wamalize.

Nyumba aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya bibi mmoja mshonaji. Walipojuana, bibi alikuwa akishona kwa cherehani ya kukodi, na mjukuu wake, yatima wa binti yake, akilala chini ya meza ya kukatia vitambaa. Miaka ilipita. Bibi akanunua cherehani yake, kisha ya pili, na shule za jirani zikaanza kumpa kazi ya sare. Siku moja Mama Hodi alipofika, bibi aliondoa mguu kwenye pedali akasema:

"Mwanangu, huyu mjukuu wangu mtoeni kwenye mpango wenu. Sasa namweza mwenyewe."

Mama Hodi alidhani hakusikia vizuri. Alishaombwa mengi katika kazi hii, lakini hilo lilikuwa jipya. "Bibi, kwani tumekukosea?"

"Mnikosee nini? Mtu akishiba hunawa mikono, akawapisha wenzake. Nafasi hiyo mpe binti wa fundi viatu, wa chumba kile cha mwisho. Tangu mama yake afariki, shuleni hajakanyaga."

Mjukuu, aliyekuwa akishona vifungo pembeni, alinung'unika. "Na kadi za mfadhili wangu je?"

"Nitakuandikia mimi," bibi akamjibu. "Kwa mwandiko wangu huu, kadi moja utaisoma mpaka uolewe."

Ofisini hawakuleta kipingamizi. Kipingamizi kilikuwa mlango wa fundi viatu. Mama Hodi alibisha hodi, na nyundo iliyokuwa ikigonga ndani ikanyamaza.

"Hapa hakuna mtoto," sauti ya mwanamume ikajibu.

Mama Hodi alishangaa, maana hakuwa ameuliza habari za mtoto. Akabisha tena, asifunguliwe. Akarudi kwa bibi akiwa mnyonge.

"Ulikwenda na hilo faili kwapani?" bibi akamuuliza. "Hata mimi nisingekufungulia. Liache hapa, twende."

Walikwenda pamoja, bibi akiwa na utepe wa kupimia shingoni. Hakungoja kukaribishwa. Alisukuma mlango akasema amekuja kumpima mtoto sare. Fundi viatu alikuwa ameketi kwenye kigoda, kiatu cha mtu mapajani. Nyuma yake, chini ya pazia la kitanda, ilionekana miguu miwili midogo imesimama.

"Nani kakwambia nataka sare?"

"Hujaniambia. Lakini huyu mama alipokuja kwangu mara ya kwanza, na mimi nilimficha wangu chini ya meza, nikamwekea na vitambaa juu. Mtoto akapiga chafya."

Fundi alitaka kucheka, akajizuia. Akamtazama Mama Hodi kwa mara ya kwanza. "Shemeji zangu wanasema mwanamume peke yake hawezi kulea mtoto wa kike. Wanasema watakuja watu wa kukagua, wamchukue. Ndio nyinyi?"

Hapo Mama Hodi akaelewa. Alivuta ndoo tupu, akaigeuza, akakaa. "Baba, hachukuliwi mtu. Atalala hapahapa, ataamka hapahapa, na ukichelewa kupika atakugombeza hapahapa. Sisi tunamsaidia asome tu."

"Ananigombeza tayari," fundi akasema taratibu.

Pazia likasogea. Binti akatoka, akainua mikono yote miwili ili apimwe, kama mtu aliyekuwa akilisubiri jambo hilo kwa muda mrefu. Bibi alipima, kisha akaongeza kidogo kila upande, kwa sababu watoto, alisema, wana haraka kuliko vitambaa.

Binti alirudi shuleni na sare iliyomfika chini kabisa ya magoti. Mama Hodi alipokwenda kuwatembelea tena, mlango ulikuwa wazi na binti alikuwa sakafuni akisoma kwa sauti, huku baba yake akigonga misumari na kumsahihisha maneno asiyoyajua hata yeye. Wakabishana, wote wawili wakiwa na uhakika.

Fundi alimkaribisha mgeni, kisha macho yake yakashuka miguuni.

"Mama, na kutembea kote huko, unatembea na visigino vilivyolika hivi? Vua."

"Baba, bado nina nyumba nyingine za kufika leo."

"Utafika. Vua kwanza."

Akavua. Alikaa peku kwenye kile chumba, akinyoosha vidole sakafuni na kumsikiliza binti akisoma, na kwa siku ile nyumba nyingine zilisubiri.