Sahani ya Mama Mkubwa

Leo wamesafisha kwa javeli, ile dawa kali ya kuua vijidudu, sakafu ya nyumba yangu ya Butembo, ambayo nimeijenga kwa jasho langu mwenyewe. Harufu yake imenirudisha Beni, uwanjani kwetu Mulekera, wakati wa vita.

Dada mkubwa wa mama alikuwa amekimbia kutoka Kipese, akafika kwetu akiharisha. Muuguzi alimwaga javeli mlangoni, akasema, "Ni epidemi." Kwetu tulikula wote sahani moja, lakini siku hiyo baba alimpakulia mama mkubwa bugali kwenye sahani ya peke yake.

"Baba, epidemi ni nini?"

"Ni ugonjwa wa batu bote."

"Sasa juu ya nini yeye anakula peke yake?"

"Nyamaza, ukule!"

Mama mkubwa akacheka. "Acha mutoto. Shemeji, sema tu, niende?"

"Hapana kwenda. Mu njia kuko basoda na bunduki."

Lakini ile sahani ya peke yake baba hakuiondoa.

Sasa mimi ni mwenye diploma. Najua neno hilo, epidemi, lilitoka kwa Wagiriki, na kwamba zamani lilisemwa pia juu ya mtu aliyefika katika nchi na kukaa. Naweza kulieleza mbele ya ukumbi wowote.

Asubuhi iliyofuata mkeka wa mama mkubwa ulikuwa umekunjwa, naye hayupo. Baba alimtafuta hadi kwenye kizuizi cha askari, akarudi jioni peke yake. Mama alipomsogezea bugali, baba alisema, "Hapana leo." Nilimtazama sana, nisijue kama ana hasira au ameanza kuugua.