Mlango wa Jikoni

Tangu nistaafu ualimu nina kazi moja ya asubuhi: kuwapigia simu wazee wanaoishi peke yao na kuwauliza kama wameamka salama. Ni kazi ya kujitolea. Tuligawana majina kanisani baada ya ibada, na mimi nikapewa upande wa Kituntu kwa sababu, walisema, nina sauti ya kumwamsha mtu. Sikuona kama hiyo ni sifa, lakini nilikubali.

Wazee wengi hunijibu kwa kifupi. Wako salama, mvua imenyesha, haya kwaheri. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na ajenda. Alikuwa mjane wa umri wa mama yangu, na akishaitikia shikamoo yangu alianza moja kwa moja na mlango wa jikoni. Ulikuwa umeoza ukaanguka. Mbuzi wa jirani waliingia wakala maganda ya ndizi, na siku nyingine ndizi zenyewe. Mwanawe alikuwa na habari. Ni mtoto wake pekee, aliyejifunza useremala kwa marehemu baba yake kisha akaenda Mwanza kuuza vipuri vya magari, na alikuwa hajafika nyumbani kwa miaka mingi. Kila akikumbushwa mlango alituma hela ya fundi. Mama alinunua chumvi na sabuni, na mlango ukabaki chini.

Nilimwambia mafundi wamejaa, kuanzia Kanoni hadi hapo hapo kwake. Nilimwambia zaidi ya mara moja, maana ualimu haumtoki mtu haraka. Mwishowe akanihurumia akanieleza.

"Mwalimu, fundi hata mimi namjua. Nataka auweke yeye. Nataka nimwone kabla hajaja kunizika."

Alilisema hilo kwa sauti ile ile ya kunieleza habari za mbuzi. Habari za fundi sikuzitaja tena.

Asubuhi moja hakupokea. Nikapiga tena, kimya. Nikampigia jirani, mwenye mbuzi, aende kuchungulia. Akamkuta sakafuni jikoni, macho makavu, hasira tele. Alikuwa amempiga mbuzi teke, na mbuzi akasogea.

Nilichukua bodaboda nikamkuta hospitali, jirani alikompeleka. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama kiazi, lakini mfupa ulikuwa mzima. Wakamfunga bandeji, wakasema alale hapo mpaka kesho. Ikabaki kumpa habari mwanawe. Kikundi chetu kina utaratibu kwamba ndugu aambiwe ukweli, palepale, bila kupindisha. Utaratibu huo niliupendekeza mimi na nilijivunia.

Sasa, kwetu habari ya kifo haitolewi kwa simu. Aliye mbali huambiwa mgonjwa wake amelazwa, ajitahidi kufika. Mengine atayakuta uani, penye watu wa kumshika. Kila mtu anajua hivyo. Nami nilijua, ila niliamini mwalimu akisema jambo kwa ufasaha litaeleweka.

Nikamweleza mwanawe kwamba mama ameteleza, ameumia mguu, amelazwa, anaendelea vizuri. Kisha akaniomba nimwambie ukweli. Nikamwambia ukweli ndio huo. Kadiri nilivyomhakikishia kwamba mama hana neno, ndivyo sauti yake ilivyozidi kufifia. Mwishowe akasema nimpe mama simu waongee.

Nikamsogezea. Mama alikuwa ameketi kitandani anakula ndizi na maharage kwa raha zake. Akaitazama simu, akatikisa kichwa, akageukia ukutani na sahani yake.

Nikamwambia kijana kwamba mama hataki kuongea kwa sasa.

"Asante, mwalimu," akasema taratibu. "Tumekuelewa."

Hiyo "tume" ilinisumbua njia nzima ya kurudi nyumbani. Nikampigia tena kufafanua, na kila nilipofafanua alinishukuru kwa kumtia moyo.

Kesho yake nilimrudisha mama nyumbani. Keshokutwa yake nilikuwa kwake namsaidia kumenya ndizi, mguu wake ukiwa juu ya kigoda, tulipoliona basi dogo linapanda kati ya migomba. Juu ya basi kulikuwa na jeneza. Ndani walijaa ndugu wa ukoo, wengine wamepitiwa Kyerwa, ambako walikuwa wameshaweka majembe chini kwa heshima ya marehemu. Wanawake walikuwa wanalia kwa sauti. Basi liliposimama uani, wa kiti cha mbele walimwona mama wakanyamaza, kisha wa kiti cha pili, hivyo hivyo mpaka nyuma. Aliyekaa mwisho kabisa aliendelea peke yake kwa muda.

Mwanawe alishuka na suti nyeusi. Akasimama. Kisha akapiga magoti kwenye maganda ya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akasema, huku kisu kikiendelea na kazi. "Na hilo mmemletea nani?"

Kijana aliweka kichwa mapajani mwa mama yake akalia sana, na mama akaweka kisu chini, akamshika kichwa kwa mikono yenye utomvu. Nikatazama pembeni. Nililia pia, na mimi si mtu wa kulia.

Wageni walipika mchele waliouleta kwa ajili ya matanga, wakala, wakaondoka wakiwa wamechangamka. Jeneza likabaki. Mama alilizunguka na fimbo yake, akaligonga, akasema mbao ni nzuri na mfuniko unakaribia kipimo cha mlango. Jirani alimwonya kwamba ni kukaribisha kifo. Mama akamjibu kwamba kifo hakingojei kukaribishwa, sawa na mbuzi wake.

Kijana akaazima msumeno na randa. Alikaa wiki nzima, na mama alikaa kwenye kigoda siku zote hizo akimwonyesha panapopinda. Hapakupinda popote.

Alipoondoka nilimuuliza mama kwa nini siku ile alikataa simu.

"Angesikia sauti yangu, angetuma hela."

Niliwaza utaratibu wetu wa ukweli, na jinsi alivyoutumia bila kusema neno hata moja la uongo.

Mwezi haukupita, asubuhi moja, baada ya marahaba, akaniarifu kwamba bawaba ya chini imelegea. Nikashangaa, maana niliziona skrubu zikikazwa kwa macho yangu. Nikamuuliza imelegezwa na nani. Akasema mvua imenyesha. Nyuma ya sauti yake nikasikia kitu cha chuma kikiwekwa taratibu mezani.

Nikakata simu, nikampigia mwanawe Mwanza. Nikamwambia bawaba imelegea yenyewe, mbao bado mbichi zinacheza, na fundi wa huku hataiweza, inamtaka aliyeifunga.

Safari hii aliniamini.